Kipindi Kimoja, Vituo Vingi: Uhakiki wa Habari za Mazingira katika Redio za Vyuo na Redio za Jamii

Utangulizi

Katika jarida letu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tumeona vema tuhakiki kipindi cha redio. Huenda mtu akauliza: Idara ya Kiswahili na habari za mazingira, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba kipindi cha redio ni matini kama matini nyingine. Kina mtunzi, kina msimulizi, kina hadhira na kina lugha yake. Tena ni matini inayowafikia watu wengi ambao hawatafungua riwaya hata moja maishani mwao.

Vipindi tunavyovizungumzia ni vya habari za mazingira vinavyotayarishwa mahali pamoja na kurushwa na vituo vingi vya vyuo na vya jamii. Mfano ulio wazi zaidi unatoka Kanada, nasi tutaanzia huko. Kisha tutarudi kwetu, Uganda na nchi jirani, kwa sababu tunalo jambo linalotuhusu moja kwa moja: bomba la mafuta ghafi linaloanzia Hoima na kuishia Tanga, na watu wanaoishi kandokando yake. Hoja yetu kuu ni kwamba kipindi cha mazingira kinapaswa kusambazwa kikiwa matini ya kufanyiwa kazi na kila kituo, si kikiwa sauti iliyokwisha kukamilika. Na kazi ya kuifanya matini hiyo isikike kwa Kiswahili kinachoeleweka ni yetu sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Vipindi vyenyewe

Katika jiji la Edmonton, makao makuu ya jimbo la Alberta, kuna kituo kiitwacho CJSR, masafa ya FM 88.5, kilichokua ndani ya Chuo Kikuu cha Alberta. Hapo ndipo kilipozaliwa kipindi cha Terra Informa, cha nusu saa kwa wiki, kilichotayarishwa na watu wa kujitolea. Huko Toronto nako, katika kituo cha CIUT, FM 89.5, cha Chuo Kikuu cha Toronto, kulizaliwa The Green Majority, kipindi cha saa nzima cha habari za mazingira. Vyote viwili havikubaki katika vituo vilivyovizaa. Vilitolewa kwa vituo vingine vya vyuo na vya jamii nchini humo, ambavyo vina chama chao cha kitaifa na utaratibu wa kubadilishana vipindi. Kituo kidogo chenye watangazaji wachache kingeweza kuchukua kipindi kizima na kukirusha bila kutumia fedha ya kukitayarisha.

Tuanze kwa kusifu panapostahili sifa. Kwanza, vipindi hivi viliipa habari ya mazingira makao ya kudumu. Katika redio nyingi mazingira hutajwa siku ya maafa tu: mto umefurika, msitu umeungua, basi. Wiki inayofuata hakuna anayeuliza waliohamishwa wamefikia wapi. Kipindi cha kila wiki hulazimika kurudi palepale, na kurudi ndiko kunakomfundisha msikilizaji kwamba mafuriko yana historia na yana sababu.

Pili, mahali kilipotayarishwa kipindi kulikipa uzito. Alberta ndilo jimbo la mchanga wa mafuta. Mwezi Mei 2016 moto mkubwa uliukumba mji wa Fort McMurray, kitovu cha uchimbaji huo, na watu wapatao 88,000 wakauhama mji. Kuzungumzia mafuta na mazingira ukiwa Edmonton, ambako jirani yako analipwa mshahara wake na kampuni ya mafuta, si sawa na kuyazungumzia ukiwa mbali. Maneno yanapaswa kupimwa, kwa kuwa anayesikiliza ni mwenyeji anayeijua habari yenyewe.

Tatu, na hili linatuhusu sana sisi walimu, vipindi hivi vilikuwa darasa. Mwanafunzi wa kujitolea alijifunza kuhoji, kuandika, kukata sauti na kusimamia neno lake mbele ya watu wasiomjua. Hakuna mtihani wa insha unaoweza kumpa mwanafunzi hofu hiyo yenye manufaa.

Kasoro ya kanda iliyokamilika

Pamoja na sifa hizo, utaratibu huu una kasoro ambayo haitokani na uhodari au udhaifu wa watayarishaji. Inatokana na namna ya kusambaza. Kipindi kikisambazwa kikiwa sauti iliyokamilika, kila kituo hupokea maneno yaleyale, sauti ileile na mfano uleule. Msikilizaji wa mbali husikia habari za watu wengine zikiwa zimepangwa kwa masikio ya watu wengine.

Chukueni mfano wa bomba la Northern Gateway. Lilipendekezwa lijengwe kutoka Bruderheim, karibu na Edmonton, hadi Kitimat katika pwani ya Pasifiki, urefu wa kilomita 1,177, na serikali ya Kanada ikalikataa mwezi Novemba 2016. Neno "bomba" huko Bruderheim lilimaanisha ajira na kodi. Huko Kitimat lilimaanisha meli kubwa za mafuta katika maji ambamo watu huvua samaki. Na kwa jamii za wenyeji wa asili waliokuwa katikati lilimaanisha ardhi ya mababu. Kanda moja, hata iwe ya haki kiasi gani, haiwezi kuwaambia watu hawa watatu jambo moja kwa uzito mmoja. Kila mahali palihitaji mtu wa pale wa kuipokea habari na kuuliza: kwa hiyo sisi hapa itatugusa vipi?

Kanada yenyewe imeliona tatizo hili kwa namna yake. Sera ya mwaka 2010 ya mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo inavitaka vituo vya vyuo na vya jamii vitenge angalau asilimia 15 ya matangazo yao ya wiki kwa vipindi vya mazungumzo vilivyotayarishwa palepale kituoni. Kipindi kilichotoka kwa jirani, hata kiwe kizuri vipi, hakihesabiwi katika fungu hilo. Tunaiona kanuni hii kuwa ya busara, maana wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kituo kinachoishi kwa vipindi vya wengine hubaki mnara tu: kinapokea huku, kinatoa kule.

Kasoro ya pili ni ya uhai. Redio za vyuo za Kanada hutegemea kwa kiasi kikubwa ada inayolipwa na wanafunzi. Mwezi Januari 2019 serikali ya jimbo la Ontario ilitangaza kwamba baadhi ya ada hizo ziwe za hiari, na vituo vya vyuo vikaingia katika mashaka. Mahakama iliutengua uamuzi huo mwezi Novemba mwaka huohuo. Funzo lipo: ikiwa vituo vingi vinategemea kipindi kinachotoka chuo kimoja, siku chuo hicho kikiyumba wote wananyamaza pamoja.

Njia nyingine: kusambaza matini

Kanada hiyohiyo ilitupa njia ya pili, ya zamani zaidi, nayo inastahili kusomwa sambamba na ya kwanza. George Atkins alikuwa mtangazaji wa vipindi vya wakulima katika shirika la utangazaji la taifa, CBC. Mwaka 1975 alikuwa Zambia pamoja na watangazaji wenzake wa nchi mbalimbali. Katika mazungumzo yao safarini aligundua kwamba kipindi cha mmoja wao kilifundisha utunzaji wa plagi za trekta, ilhali wakulima wengi waliokuwa wakikisikiliza hawakuwa na trekta. Mambo waliyoyahitaji, kama vile ng'ombe wa kulimia na mbolea ya samadi, hayakuwamo. Mwaka 1979 akaanza kutuma matini za vipindi, zilizoandikwa kwa maneno mepesi, kwa watangazaji 34 katika nchi 26. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Farm Radio International, shirika ambalo lilifanya kazi Tanzania na Uganda pia. Kati ya mwaka 2007 na 2010 nchi hizo mbili, pamoja na Malawi, Mali na Ghana, zilikuwa katika utafiti wake wa redio na wakulima uliohusisha vituo 25.

Tofauti ya Atkins na vipindi tulivyovitaja ni moja, nayo ni kubwa. Yeye hakutuma sauti, alituma maandishi. Anayepokea sauti anabonyeza kitufe. Anayepokea maandishi analazimika kuyasoma, kuyaelewa, kuyatafsiri, kuondoa mfano usiofaa na kuweka wa kwao. Kwa maneno mengine, analazimika kufanya ile kazi tunayoifundisha katika somo la tafsiri na uhariri. Msambazaji wa sauti anaweza kuwa na uhakika wa ubora: kila neno litasikika alivyolitaka. Msambazaji wa matini hana uhakika huo, kwani mtangazaji mvivu anaweza kuiharibu. Lakini mtangazaji mwenye bidii ataifanya iwe yake, na hapo ndipo habari inapoota mizizi.

Kwetu: kutoka Hoima hadi Tanga

Sasa turudi nyumbani. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443. Kati ya hizo, 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Upande wa Uganda linapita katika wilaya kumi: Hoima, Kikuube, Kakumiro, Kyankwanzi, Mubende, Gomba, Sembabule, Lwengo, Rakai na Kyotera. Upande wa Tanzania linaingilia Kagera, linapita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, na kuishia Chongoleani katika mkoa wa Tanga. Kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, yanapaswa kupashwa moto njiani yabaki na nyuzijoto zaidi ya 50. Hapa hatuingii katika ubishi wa kama mradi huu ungepaswa kuwapo au la. Wapo wanaousifu kwa mapato na wapo wanaoupinga kwa sababu za mazingira na za ardhi, na kila upande una wataalamu wake. Swali letu ni dogo zaidi lakini halikwepeki: mkulima wa Rakai na mkulima wa Muleba, ambao shamba la kila mmoja limepitiwa na bomba hilohilo, wanapataje kusikia habari za mwenzake?

Tazameni lugha zilizopo njiani humo: Kinyoro, Kiganda, Kihaya, Kisukuma, Kinyamwezi, Kinyaturu, Kirangi, Kizigua, Kidigo, bila kutaja nyingine nyingi. Hakuna hata moja inayoweza kusafiri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiingereza kinasafiri kwenye makaratasi ya kampuni na wizara, hakisafiri shambani. Lugha inayoweza kuvuka mpaka wa Mutukula na kufika baharini ni Kiswahili. Na vituo havikosekani. Karibu na Hoima iko redio ya jamii ya Kagadi, KKCR. Upande wa Kagera iko FADECO ya Karagwe. Tanga iko Pangani FM. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina Mlimani Redio. Vituo vinavyoweza kuunda mnyororo vipo. Kinachokosekana ni matini ya kupita kwenye mnyororo huo.

Hata hivyo, ni lazima tuseme ukweli ambao sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda huwa hatupendi kuusema hadharani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini kwa wazee wengi, hasa katika maeneo ya Kiganda, Kiswahili bado kinakumbusha askari na amri za barabarani. Tukienda Kyotera na kipindi cha Kiswahili kitupu kuhusu ardhi ya watu na fidia yao, baadhi ya wasikilizaji watakisikia kama amri hata kabla hawajasikia ujumbe.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi kipindi kimoja cha Kiswahili kirushwe vituo vyote jinsi kilivyo. Hilo lingekuwa kosa lilelile la kanda iliyokamilika, isipokuwa safari hii tungelifanya sisi. Tunapendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kupeana habari kati ya kituo na kituo. Matini iandikwe Kiswahili Kagadi, isomwe Karagwe na Pangani. Kule ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, itangazwe Kiswahili. Kule ambako watu huota kwa Kiganda, mtangazaji aigeuze Kiganda. Wapo wenzetu watakaosema kwamba huko ni kukikosea heshima Kiswahili. Sisi tunaona kinyume chake. Lugha inayoaminiwa kubeba ukweli kutoka kijiji hadi kijiji ina heshima kubwa kuliko lugha inayolazimishwa kusikilizwa.

Lugha ya habari yenyewe

Hapa ndipo uhakiki wetu unapogusa ufundi wa kila siku. Habari za mazingira kwa Kiswahili zina matatizo ambayo hayaonekani kwenye karatasi bali husikika redioni. Tutataja manne.

La kwanza ni istilahi zinazogongana. Vitabu vya jiografia vilitufundisha "tabia ya nchi" kwa maana ya mwenendo wa mvua, joto na upepo wa mahali kwa miaka mingi, na "hali ya hewa" kwa maana ya yale ya leo na kesho. Leo wataalamu husema "tabianchi", neno moja, na ni istilahi nzuri. Lakini redioni bado tunasikia "mabadiliko ya hali ya hewa" yakitumiwa kwa maana zote mbili. Msikilizaji ana haki ya kushangaa: hali ya hewa si hubadilika kila siku? Asubuhi jua, jioni mvua, tangu enzi za babu. Kwa neno moja lisilotofautishwa tunakuwa tumemnyima hoja yenyewe.

La pili ni maneno yenye maana mbili ambazo sikio haliwezi kuzitenganisha. Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walipopewa zoezi la kuandika taarifa ya dakika moja kuhusu maafa ya Mlima Elgon, mmoja alianza kwa neno "maporomoko" peke yake. Darasa lilicheka, kwa sababu mlima huohuo una Maporomoko ya Sipi, ya maji, ambayo watalii huyalipia kuyaona. Bududa mwaka 2010 na 2018, na Bulambuli mwezi Novemba 2024, ni ardhi iliyoporomoka na kufukia watu na nyumba zao. Kicheko kilikatika mwanafunzi mwenyeji wa upande huo aliposema kwamba kwao watu husikiliza tahadhari wakiwa kazini, redio ikiwa mbali, na neno la kwanza ndilo wanalolidaka. Tangu siku hiyo darasa lilikubaliana: "udongo" au "ardhi" litangulie. "Ardhi inaweza kuporomoka usiku huu", si "maporomoko yanatarajiwa". Vivyo hivyo neno "mafuta". Kuna ya kupikia, ya kujipaka, ya gari na ya ardhini. Anayetangaza kuvuja kwa mafuta aseme mara ya kwanza "mafuta ghafi, yaani yasiyosafishwa", kisha aendelee.

La tatu ni maneno ambayo upande mmoja wa mpaka unayajua na mwingine haujui. Tanzania ukanda wa ardhi unaopitiwa na bomba au nyaya za umeme huitwa "mkuza". Ni neno fupi na linafaa. Lakini kwa wanafunzi wetu wengi wa Uganda ni neno geni kabisa, nao huandika "njia ya bomba" au "eneo la mradi". Mwenye shamba akiambiwa asipande mti ndani ya mkuza, naye hajui mkuza ni nini wala una upana gani, ameambiwa nini? Neno "fidia" nalo, aliyejifunza Kiswahili chake kanisani analijua zaidi kwa maana ya ukombozi wa roho. Hatusemi maneno haya yaachwe. Tunasema yasindikizwe.

La nne, ambalo kwa maoni yetu ni baya kuliko yote, ni mlolongo wa nomino. Tutunge sentensi moja kwa mfano wa zile tunazozisikia: "Utekelezaji wa mikakati ya upunguzaji wa athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii zilizo katika mazingira hatarishi unahitaji ushirikishwaji wa wadau wa ngazi zote." Kisarufi haina kosa. Upatanisho umekaa sawa. Lakini hebu tuiandike kwa vitenzi: "Mvua zimebadilika. Wanaoishi kwenye miteremko wamo hatarini. Serikali, viongozi wa vijiji na wakazi wenyewe wanapaswa kukaa pamoja na kuamua nani ahame, ahamie wapi, na lini." Angalieni kilichotokea. Tulipotafuta vitenzi tulilazimika kutafuta watendaji, na tulipotafuta watendaji tukajikuta tunauliza nani, wapi na lini. Maswali hayo hayakuwamo katika sentensi ya kwanza. Tulidhani tunarahisisha lugha, kumbe tumegundua kwamba sentensi ile haikuwa na habari. Mlolongo wa nomino humficha anayetenda, na katika habari za mazingira anayetenda ndiye tunayemtafuta: nani amekata msitu, nani amemwaga taka mtoni, nani aliahidi kulipa na hajalipa.

Kwa hiyo uhariri wa lugha katika habari za mazingira si urembo unaoongezwa mwishoni. Ni sehemu ya kuutafuta ukweli. Mwandishi wa habari anayefundishwa na mwalimu wa Kiswahili kuuliza "mtenda ni nani?" amefundishwa pia kuuliza swali la kihabari.

Mapendekezo

Kwanza, idara za Kiswahili zilizo karibu na redio za vyuo zianzishe matini ya mwezi, ya ukurasa mmoja au miwili, kuhusu jambo moja la mazingira. Matini hiyo iachwe na nafasi wazi iliyoandikwa "hapa kituo kiweke habari ya kwake". Kituo ambacho hakijajaza nafasi hiyo kisiirushe. Tukianza na vituo vitatu vinavyoijaza kweli, tutakuwa tumefanya zaidi ya vituo thelathini vinavyobonyeza kitufe.

Pili, kazi hiyo ihesabiwe katika alama za mwanafunzi. Somo la tafsiri na somo la uhariri vina mazoezi mengi ya kutafsiri aya zisizo na msomaji. Mwanafunzi akijua kwamba aya yake itasomwa hewani Kagadi siku ya Jumamosi, ataitazama mara ya pili bila kuhimizwa.

Tatu, istilahi zipimwe kwa sikio kabla ya kupimwa kwa kamusi. Orodha ya maneno ishirini tu, kama tabianchi, hewa ukaa, bayoanuwai, mkuza na mafuta ghafi, isomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wasomi, kisha waulizwe wameelewa nini. Neno lililoshindwa lisitupwe, litafutiwe sentensi ya kulisindikiza.

Nne, tujipange kwa ajili ya likizo. Redio za vyuo hulala wanafunzi wakienda makwao, lakini mvua hazifuati ratiba ya mihula. Matini za tahadhari ziandaliwe mapema na kukabidhiwa redio za jamii, ambazo watangazaji wake ni wakazi wa palepale na hawaendi likizo.

Tano, kila kituo kinachopokea matini kirudishe barua: wasikilizaji waliuliza nini, neno gani halikueleweka, habari gani ilionekana si kweli. Bila barua hizo tutakuwa tumejenga bomba jingine, la maneno, linalopeleka upande mmoja tu.

Hitimisho

Tumevisifu vipindi vya Edmonton na Toronto kwa sababu viliyapa mazingira nafasi ya kila wiki na viliwafundisha vijana kazi. Tumevikosoa kwa sababu kipindi kilichokamilika kikisafiri huwaacha wanaokipokea wakiwa wasikilizaji tu, hata wale wenye kipaza sauti mkononi. Tumeona kwamba matini ya kuandikwa upya, kama alivyoituma Atkins, inadai kazi zaidi na inaleta zaidi. Na tumeona kwamba katika ukanda wetu kazi hiyo inahitaji lugha moja ya kupeana habari na lugha nyingi za kuzifikisha.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni ngeli na fasihi, mazingira yana wenyewe. Tunawakumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wa kulaumiwa kwanza ni mkuu aliyenena kwa lugha isiyosikika. Katika miteremko ya Elgon na kandokando ya mkuza wa bomba, sentensi isiyoeleweka ina gharama inayolipwa na mtu. Walimu na wanafunzi walio tayari kuandika matini ya kwanza tunawaomba walete majina yao ofisini kwa idara kabla ya muhula kwisha. Tunapendekeza ianze na neno "mkuza", tena kwa vitenzi.